Picha safi kwenye simu, ukungu kwenye karatasi: jinsi ya kuandaa picha na hati kabla ya kuchapisha

Hakuna saiba au duka la kuchapisha katika vituo vyetu vya biashara lisiloijua hali hii. Familia inafika Alhamisi jioni, mazishi ni Jumamosi. Picha ya marehemu iko kwenye simu ya mtoto wa kwanza, na kwenye kioo cha simu uso wa mama unaonekana vizuri, hata mikunjo ya tabasamu lake. Ijumaa usiku vijitabu mia mbili vinatoka mashineni, na uso ule ule kwenye ukurasa wa kwanza umejaa ukungu na vijisanduku. Pesa zimelipwa, muda umekwisha, na hicho ndicho kijitabu ambacho jamaa na majirani watakwenda nacho nyumbani na kukihifadhi kwa miaka.

Jambo hilo hilo humpata mzazi anayeambatisha nakala ya cheti cha kuzaliwa kwenye fomu ya basari, kisha nambari ya cheti isisomeke. Hukipata kikundi cha akina mama ambacho cheti chake cha usajili kilipigwa picha kwa simu na kuchapishwa kama kivuli cheusi. Humpata pia kijana anayetengeneza bango la biashara yake mpya, na nembo ikatoka na kingo zilizokatika kama meno ya msumeno.

Mara nyingi lawama huiendea printa au mhudumu wa saiba. Lakini mara nyingi zaidi kosa lilitokea mapema: picha ilipoteza nukta zake kabla ya kufika dukani. Makala haya yanaeleza namna picha inavyojengwa, inapopotezea nukta zake, na hatua ambazo kila mkaazi anaweza kuchukua ili karatasi itoke safi mara ya kwanza.

Picha ni kazi ya ushanga

Picha ya simu au kompyuta si mchoro mmoja mzima. Ni nukta ndogo ndogo za mraba zilizopangwa kwa safu, kila moja ikiwa na rangi yake. Nukta hizo huitwa pikseli. Fikiria kazi ya ushanga. Ukiwa na shanga ndogo nyingi zilizobanana, unaweza kutengeneza ua lenye mistari laini. Ukichukua shanga zile zile ukazitawanya kwenye kitambaa kikubwa mara nne, ua litaonekana kama madoa. Hakuna ushanga uliopotea, ila umetakiwa kujaza nafasi kubwa kuliko uwezo wake.

Ndivyo ilivyo kwa picha. Kinachoamua kama itatoka safi ni mambo mawili kwa pamoja: picha ina pikseli ngapi, na itachapishwa kwa ukubwa gani. Wachapishaji hupima kwa kuhesabu nukta zinazoingia katika kila inchi moja ya karatasi, na kipimo hicho hukiita DPI. Inchi moja ni sentimita 2.54.

Kwa picha inayoshikwa mkononi, kama ya kijitabu, kalenda au kadi, kipimo kinachotumika sana ni nukta 300 kwa inchi. Nambari hiyo haikuchaguliwa ovyo. Mtu mwenye macho mazuri akishika karatasi umbali wa sentimita 30 hivi, jicho lake haliwezi tena kutenganisha nukta zilizosongamana kiasi hicho, na huona rangi moja laini. Zikishuka hadi 200 picha bado hupendeza. Zikishuka chini ya 150 ukungu huanza kuonekana, na chini ya 100 vijisanduku hujitokeza.

Usichanganye kipimo hiki na nambari iliyoandikwa kwenye printa. Printa inaweza kuandikwa 600 au 1,200, lakini hizo ni nukta za wino, na printa huhitaji nukta nyingi za wino ili kutengeneza rangi ya pikseli moja. Printa ya 1,200 haiwezi kuisafisha picha yenye pikseli chache. Itachapisha ukungu ule ule kwa uaminifu mkubwa.

Hesabu ndogo ya kufanya kabla ya kwenda dukani

Chukua upana wa picha kwa pikseli, gawanya kwa upana wa karatasi kwa inchi. Jibu ndilo idadi ya nukta kwa inchi. Ili kujua pikseli za picha, ifungue kwenye simu na utazame maelezo yake. Utaona nambari mbili kama 4000 x 3000.

Kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, ukurasa mzima unahitaji pikseli zifuatazo:

A6 (kadi ndogo, milimita 105 kwa 148): pikseli 1,240 kwa 1,748
A5 (kijitabu cha A4 iliyokunjwa, milimita 148 kwa 210): pikseli 1,748 kwa 2,480
A4 (karatasi ya kawaida, milimita 210 kwa 297): pikseli 2,480 kwa 3,508
A3 (bango dogo, milimita 297 kwa 420): pikseli 3,508 kwa 4,961

Picha isiyojaza ukurasa inahitaji pungufu. Ikiwa picha itachukua nusu ya upana wa ukurasa, nusu ya pikseli hizo za upana inatosha.

Sasa angalia simu ya kawaida yenye kamera ya megapikseli 12. Picha yake ina pikseli 4,000 kwa 3,000. Ukigawanya kwa 300 unapata inchi 13 kwa 10, yaani zaidi ya ukurasa wa A4. Kwa hiyo simu nyingi zilizo mifukoni mwetu zinaweza kutoa picha ya kutosha kwa kijitabu chochote. Tatizo haliko kwenye kamera. Liko kwenye safari ambayo picha husafiri baada ya kupigwa.

Picha hupotezea wapi nukta zake

Mahali pa kwanza ni WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, programu huipunguza ili itumwe haraka na isimalize bando. Upande wake mrefu kwa kawaida hushushwa hadi pikseli 1,600 hivi. Ile picha ya pikseli 4,000 sasa inatosha kadi ndogo tu, kama sentimita 13 kwa 10. Ukiitandaza kwenye A4 unabaki na nukta 137 kwa inchi, chini ya nusu ya zinazohitajika. Ikipakuliwa na mtu mwingine, ikahaririwa na kutumwa upya, hubanwa tena na kupoteza zaidi.

Mahali pa pili ni skrinshoti. Wengi huona picha ya mpendwa wao kwenye Facebook au kwenye wasifu wa WhatsApp, wakapiga skrinshoti na kuipeleka dukani. Skrinshoti haichukui picha yenyewe. Inachukua kioo cha simu. Simu nyingi za bei nafuu zina kioo chenye upana wa pikseli 720. Ukijaza A4 kwa skrinshoti ya namna hiyo unapata nukta 87 kwa inchi, hata kama picha ya awali ilipigwa kwa kamera ya maelfu ya shilingi.

Mahali pa tatu ni kukata pembeni. Familia ina picha ya harusi yenye watu kumi na wawili, na wanataka uso wa mmoja tu. Picha nzima inaweza kuwa na upana wa pikseli 4,000, lakini uso mmoja ukawa na 300 pekee. Ukiukuza hadi ujaze ukurasa, ni zile 300 zinazokuzwa.

Dawa ya mawili ya kwanza ni rahisi. Mtafute aliyepiga picha, umwombe faili ya asili. Kwenye WhatsApp aitume kama hati, yaani aguse alama ya kiambatisho, achague sehemu ya hati badala ya sehemu ya picha, kisha aichague picha hiyo. Ikitumwa hivyo haipunguzwi. Tangu 2023 WhatsApp ina pia chaguo la HD, ambalo ni bora kuliko njia ya kawaida, lakini nalo hubana kiasi. Baruapepe, Google Drive, au kuhamisha kwa waya au flashi ni njia nyingine salama.

Dawa ya tatu ni kuchagua picha nyingine, au kukubali kuichapisha ndogo. Uso mdogo ulio wazi ni heshima kubwa kuliko uso mkubwa usiotambulika.

Jaribio la vidole viwili

Kama huna muda wa hesabu, simu yako inaweza kukupa jibu kwa sekunde chache. Kioo cha simu nyingi kina upana wa sentimita saba hivi. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, yaani mara tatu. Kwa hiyo picha inayojaza kioo cha simu itanyooshwa mara tatu ikijaza A4. Hiyo ndiyo sababu simu hutudanganya: inatuonyesha picha ikiwa ndogo.

Fungua picha ijaze kioo, kisha ivute kwa vidole viwili hadi theluthi moja tu ya upana wake ibaki kwenye kioo. Sasa unaona karibu kile kitakachotoka kwenye A4. Kwa kijitabu cha A5, vuta hadi nusu ibaki. Kwa bango la A3, vuta hadi robo. Kama macho na nywele bado vina mistari safi, endelea. Kama umeanza kuona ukungu au vijisanduku, karatasi nayo itauonyesha.

Je, nukta zinaweza kuongezwa?

Swali hili huulizwa kila siku dukani: "Si mnaweza kuiongeza DPI kwenye kompyuta?" Jibu lina sehemu tatu.

Kwanza, kubadilisha nambari peke yake hakubadilishi chochote. Faili ya picha hubeba maandishi madogo yanayosema ichapishwe kwa nukta ngapi kwa inchi, kwa mfano 72. Mtu anaweza kufuta 72 na kuandika 300. Pikseli zinabaki zile zile. Ni kama kubadilisha lebo ya gunia la kilo 50 ukaandika 90. Mahindi hayajaongezeka.

Pili, programu za kuhariri zinaweza kuongeza pikseli zenyewe. Hufanya hivyo kwa kukisia: kati ya nukta nyeusi na nukta nyeupe huweka ya kijivu. Vijisanduku hupungua na kingo huwa laini, lakini kope, nyuzi za kitambaa au herufi ambazo hazikuwapo hazirudi. Njia hii inafaa pale pengo linapokuwa dogo, kwa mfano picha yenye nukta 200 inayotakiwa kufika 300. Kutoka 70 hadi 300 ni kuchora ukungu mkubwa zaidi.

Tatu, siku hizi kuna programu za akili unde zinazodai kusafisha picha. Hizi hazikisii rangi tu. Hubuni maumbo kutokana na mamilioni ya picha nyingine zilizojifunza. Kwa picha ya shamba au jengo matokeo yanaweza kupendeza. Kwa uso wa mtu kuna hatari: programu inaweza kuweka macho, meno au ngozi ya mtu mwingine. Mjukuu anaweza kutazama jalada la kijitabu akasema, "Huyu si nyanya." Ukitumia programu ya namna hiyo, mwonyeshe mtu aliyemjua marehemu kwa karibu kabla ya kuchapisha, na uilinganishe na picha ya asili kando kwa kando.

Kwa hati rasmi msimamo ni mmoja: usitumie kabisa. Programu inaweza kugeuza 3 kuwa 8 bila wewe kujua. Na mtu akibadilisha kwa makusudi herufi, tarehe au muhuri kwenye hati ili adanganye, huko ni kughushi, kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya.

Picha ya zamani ya karatasi

Wazee wengi hawana picha ya simu. Kuna ile ndogo iliyopigwa studio miaka mingi iliyopita, au ya pasipoti iliyohifadhiwa ndani ya Biblia au Kurani. Picha hizi zinaweza kukuzwa vizuri, ikiwa skana itawekwa sawa.

Tuchukue picha ya milimita 35 kwa 45. Ikiskaniwa kwa nukta 300, ambacho ndicho kipimo saiba nyingi huacha kwenye mashine, inatoa pikseli 413 kwa 531. Ikipanuliwa hadi ijaze upana wa jalada la A5, zinabaki nukta 71 kwa inchi. Lakini picha hiyo hiyo ikiskaniwa kwa 1,200, inatoa pikseli 1,654 kwa 2,126, na jalada linapata nukta 284 kwa inchi. Tofauti hiyo yote ni ya kubofya mara moja kabla ya kuskani.

Kwa hiyo mwambie mhudumu mapema: "Hii ni ndogo na tutaikuza, tafadhali iskani kwa 1,200." Kanuni ni kuzidisha. Ukitaka kukuza mara mbili, skani kwa 600. Mara nne, 1,200. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kwenye picha na kwenye kioo cha skana, kwa sababu hata chembe ndogo itakuzwa pamoja na uso.

Jihadhari na jambo moja. Picha iliyokwisha kuchapishwa kwenye gazeti au kijitabu kingine imejengwa kwa vitone vya wino. Ukiiskani, vitone hivyo huonekana kama wavu juu ya uso, na kuongeza DPI kunavionyesha zaidi. Itafute picha ya studio yenyewe.

Hati rasmi: herufi ndiyo picha

Kwa vyeti, vitambulisho, hati za kumiliki ardhi na barua za chifu, kinachotakiwa ni kila nambari, sahihi na muhuri kusomeka. Nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa karatasi ya kawaida. Sababu ni hii: tarakimu yenye urefu wa milimita mbili ikiskaniwa kwa nukta 100, hupata pikseli nane tu kutoka juu hadi chini. Kwa pikseli nane, 3 na 8 hufanana, 5 na 6 hufanana, 1 na 7 hufanana. Kwa nukta 300 tarakimu hiyo hiyo hupata pikseli 23 au 24, na haina utata tena. Maandishi madogo sana au mihuri iliyofifia iskaniwe kwa 600.

Usikimbilie nambari kubwa bila sababu. Ukiongeza DPI maradufu, idadi ya pikseli huongezeka mara nne, na faili huwa nzito. Tovuti nyingi za kupokea maombi huweka kikomo cha ukubwa wa faili. Njia bora ni kuwa na nakala mbili: moja ya asili iliyo kamili, isiyoguswa, na nyingine iliyopunguzwa kwa ajili ya kupakia. Watu wengi hupunguza faili, wakaitupa ile kubwa, kisha mwaka unaofuata wakahitaji kuichapisha na wakakosa pa kuanzia.

Chagua rangi, hata kama hati ni ya maandishi. Mashine ikiwekwa kwenye nyeusi na nyeupe tupu, muhuri wa zambarau na sahihi ya wino wa buluu huweza kupotea au kugeuka doa jeusi linalofunika maneno.

Kama huna skana karibu, simu inaweza kutosha ukifanya hivi. Weka hati juu ya meza, karibu na dirisha au nje kwenye kivuli chenye mwanga, si kwenye jua kali. Zima mwanga wa kamera, kwa sababu huacha doa jeupe kwenye plastiki ya kitambulisho. Shika simu sambamba na karatasi, pembe zote nne zionekane, hati ijaze kioo. Futa lenzi kwanza. Mafuta ya vidole kwenye lenzi huleta ukungu ambao hauwezi kuondolewa na DPI yoyote. Tumia programu ya kuskani iliyo ndani ya Google Drive au ya simu yako, ambayo hunyoosha kingo na kuhifadhi kama PDF. Kisha kuza na usome kila nambari kutoka kwenye faili, ukilinganisha na karatasi.

Ndani ya Word na PDF

Picha inaweza kufika dukani ikiwa salama na ikaharibika ndani ya kompyuta. Vijitabu vingi vya mazishi na ripoti za vikundi huandikwa kwa Microsoft Word. Word, ikiachwa ilivyo, hupunguza picha kila unapohifadhi faili, kwa kawaida hadi nukta 220 kwa inchi, na matoleo mengine yakiwekwa vibaya hushuka zaidi. Ili kuzuia hilo, fungua "File", kisha "Options", kisha "Advanced", tafuta sehemu ya ukubwa na ubora wa picha, na uweke alama kwenye "Do not compress images in file". Fanya hivyo kabla ya kuingiza picha. Zikishapunguzwa na kuhifadhiwa, haziwezi kurudishwa.

Ingiza picha kutoka kwenye folda, usiibandike kutoka kwenye WhatsApp ya kompyuta. Unapobadilisha ukubwa wake, ivute kwa pembe, si kwa ubavu, ili uso usipanuke wala kurefuka. Mwisho, hifadhi kama PDF na uchague ubora wa kuchapisha, si ubora mdogo wa kutuma mtandaoni. PDF huzuia pia maandishi kuhama yakifunguliwa kwenye kompyuta ya dukani.

Kumbuka pia mwanga. Kioo cha simu hutoa mwanga wake, karatasi haitoi. Uso mweusi uliopigwa picha kivulini huonekana vizuri kwenye kioo lakini huzama kwenye karatasi. Ongeza mwanga kidogo wa uso kabla ya kuchapisha. Vivyo hivyo, buluu na kijani vinavyong'aa kwenye kioo hupungua makali, kwa sababu mashine huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi, na wino huo hauwezi kufikia kila rangi ya kioo.

Mabango na nembo

Si kila kitu kinahitaji nukta 300. Bango linalosomwa kutoka hatua mbili linatosha kwa 150, na turubai ya barabarani inayotazamwa kutoka mbali inatosha kwa 100 au pungufu, kwa sababu umbali huzisongeza nukta machoni. Ndiyo maana picha ya pikseli 2,480 kwa 3,508 inayojaza A4 kwa nukta 300 inaweza pia kujaza bango la A2 kwa nukta 150 na kupendeza ukutani.

Nembo na maandishi ni jambo tofauti, kwa sababu macho yetu hushika haraka kingo zilizokatika. Biashara au kikundi kinapolipia nembo, kisikubali kupewa picha ya JPEG pekee. Kiombe pia faili ya SVG, au ya PDF iliyotolewa moja kwa moja na programu ya usanifu. Faili hizo huhifadhi nembo kama mistari na vipimo vyake badala ya nukta, kwa hiyo inaweza kuchapishwa kwenye kalamu au kwenye ukuta wa jengo bila kupoteza chochote. Nembo iliyotolewa kwenye skrinshoti ya nembo haitafika huko.

Ramani na ilani zisizosomeka

Yote haya yanahusu afisi za umma pia. Mwananchi anapopewa ramani ya barabara au ya mpango wa matumizi ya ardhi kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma, na nambari za vipande vya ardhi hazisomeki, hawezi kujua kama mradi unapita kwake. Ramani ina mistari myembamba na herufi ndogo, na huhitaji nukta nyingi kuliko picha ya uso. Ikipunguzwa kutoka karatasi kubwa hadi A4, herufi hufa kwanza.

Una haki ya kuomba nakala inayosomeka. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Afisi inatakiwa kutoa uamuzi haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya siku 21 tangu kupokea ombi. Taja ramani unayoitaka, tarehe ya kikao, na useme wazi kwamba nakala uliyopewa haisomeki. Unaweza kuomba faili ya PDF badala ya karatasi, ili uikuze mwenyewe.

Kabla ya kulipa

Ukifika dukani, pitia mambo haya:

1. Picha ni ya asili, si skrinshoti, wala haikutumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida.
2. Umefanya hesabu au jaribio la vidole viwili kwa ukubwa wa karatasi utakaochapisha.
3. Picha ndogo ya karatasi imeskaniwa kwa 600 au 1,200.
4. Hati imeskaniwa kwa rangi, angalau kwa 300, na umesoma kila nambari.
5. Maandishi na nyuso haziko karibu sana na ukingo wa karatasi. Acha angalau nusu sentimita ili mashine ya kukata isiziguse.
6. Umeomba nakala moja ya majaribio, kwenye karatasi ile ile itakayotumika, na umeitazama mchana, si chini ya taa ya dukani pekee.
7. Umewaonyesha watu wawili wengine majina na tarehe.

Nakala moja ya majaribio ni gharama ya shilingi chache. Nakala mia mbili zilizoharibika haziwezi kurejeshwa mashineni.

Na kabla ya kuondoka, omba faili zako zifutwe. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na hati ya shamba zikibaki kwenye kompyuta ya saiba, yeyote anayekuja baada yako anaweza kuzifungua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa zako binafsi, na duka halina sababu ya kuziweka kazi ikisha. Hakikisha zimeondolewa kwenye folda ya vilivyopakuliwa na kwenye pipa la taka la kompyuta, na kama ulifungua WhatsApp au baruapepe yako pale, toka kabisa kwenye akaunti.

Jambo la mwisho si la mashine. Familia nyingi huanza kutafuta picha nzuri ya mzee baada ya msiba, usiku, kwenye simu za watu waliochoka. Jumapili hii, mkiwa nyumbani, mpige baba au nyanya picha akiwa ameketi mlangoni kwenye mwanga mzuri, na uihifadhi faili ya asili mahali pawili. Akiipenda, mchapishie moja aitundike ukutani angali hai.